Dodoso Likishajazwa Huenda Wapi? (Sehemu ya Pili)

Kati ya mwaka 1991 na 1994 wadadisi walipita vijiji vya Kagera na dodoso nene. Mkoa ulikuwa msibani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huko mwaka 1983, na sasa Benki ya Dunia na chuo cha tiba cha Muhimbili walitaka kujua jambo moja: mtu mzima akifa, kaya aliyoiacha inaishije? Ili kulijua hilo waliuliza kila kitu. Shamba, migomba, kahawa, mifugo, nani anakwenda shule, nani aliugua, nani hayupo tena tangu walipopita mara ya mwisho. Zaidi ya kaya 900 zilihojiwa, nyingi kati ya hizo mara nne, kila baada ya miezi sita au saba.

Wiki iliyopita makala haya yalimwacha mdadisi akifunga begi lake na kuaga. Leo yanalifuata dodoso lenyewe.

Madodoso mengi safari yake ni fupi. Ripoti huandikwa, warsha hufanyika hotelini, chai hunywewa, kisha makaratasi hufungwa kamba na kuingizwa stoo, ambako mchwa nao wana utafiti wao. Haya ya Kagera yaliponea chupuchupu kwa sababu majibu yake yaliingizwa kwenye kompyuta, yakapangwa, yakaandikiwa maelezo, na majina ya watu yakaondolewa na kuwekewa namba. Halafu yakawekwa mahali ambapo mwanafunzi au mtafiti yeyote angeweza kuyachukua.

Mwaka 2004 watafiti walirudi kuwatafuta watu walewale. Watoto wa 1991 walikuwa wameoa na kuolewa, wengine wako Mwanza, wengine Dar es Salaam, wengine wamevuka mpaka kuingia Uganda. Aliyebaki kijijini ndiye aliyeelekeza: fulani yuko mtaa fulani, anauza duka, namba yake ya simu hii hapa. Zile kaya 900 na ushee zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Waliporudi tena mwaka 2010 walizihoji kaya zaidi ya 3,300.

Kwa majibu ya 1991 na ya 2004, watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliuliza swali ambalo halikuwamo vichwani mwa waliobuni utafiti ule: je, kuhama kunalipa? Waliwachukua watu waliokuwa wakila chungu kimoja mwaka 1991, wakamlinganisha aliyehama na ndugu yake aliyebaki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, ni kwamba katika miaka 13 matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya matumizi ya ndugu zao. Utafiti wa vifo ukawa utafiti wa safari. Wanafunzi wa uchumi katika nchi nyingi wamelifanyia mazoezi faili hilo la Kagera, na wengi wao pengine hawawezi kuionyesha Bukoba kwenye ramani.

Wazo la vyuo kuchangia data lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwanzoni data ilikuwa kadi ngumu ya karatasi yenye safu 80, na kila jibu lilikuwa tundu. Mhojiwa mmoja, kadi moja. Watu 2,000, kadi 2,000, zikipangwa kwenye sanduku. Mwaka 1947 Elmo Roper, mpimaji wa maoni ya umma, alianzisha hifadhi ya kadi za namna hiyo katika chuo cha Williams, Massachusetts.

Warren Miller wa Chuo Kikuu cha Michigan aliona tatizo jingine. Yeye na wenzake Angus Campbell, Philip Converse na Donald Stokes walikuwa wamewahoji wapigakura wa Marekani katika chaguzi kadhaa, na kazi yao ya mwaka 1960 ilibadilisha namna uchaguzi unavyosomwa. Lakini chuo cha kawaida hakikuwa na ubavu wa kugharimia uchunguzi wa nchi nzima, na profesa aliyetaka kuukagua ule wa Miller ilimbidi afunge safari hadi Ann Arbor. Mwaka 1962 Miller akaanzisha ushirika wa vyuo, unaojulikana leo kwa herufi ICPSR. Kila chuo kinalipa ada ya mwaka kulingana na ukubwa wake, na walimu na wanafunzi wake wote wanapata kilichomo. Ni kama chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ila mashine ya kukobolea ni ya pamoja na kahawa haiishi inapochukuliwa.

Kuna mambo mawili katika mpango wa Miller ambayo mara nyingi husahaulika. La kwanza, kila chuo mwanachama kilitakiwa kumteua mtu wake, mwakilishi mwenye jina na ofisi, ambaye kazi yake ni kumsaidia mwalimu apate faili na mwanafunzi alielewe. La pili, kuanzia mwaka 1963 palikuwa na mafunzo ya kila kiangazi ya jinsi ya kuchambua takwimu. Miller hakuwagawia watu data akawaachia wahangaike nayo wenyewe. Leo ushirika huo una vyuo na taasisi zaidi ya 700, na mafunzo ya kiangazi bado yanaendelea. Ulaya nayo ilifungua hifadhi zake: Cologne mwaka 1960, Essex mwaka 1967. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Cape Town kilifungua kituo chake cha DataFirst mwaka 2001.

Sasa mtu alifungue faili. Anachokutana nacho ni namba tupu: 1, 2, 2, 98, 1, 4. Bila mwongozo wa misimbo ukurasa ule haumwambii kitu. Mwongozo ndio unaosema kwamba safu hii ni jinsia na 2 ni mwanamke, kwamba 98 si umri wa bibi kizee bali ni alama ya “sijui”. Mwanafunzi asiyesoma mwongozo atakokotoa wastani wa umri wa kijiji na kukuta wazee wametapakaa kila kona. Walimu wa takwimu wana hadithi nyingi za aina hiyo, na huzisimulia kwa furaha isiyostahili.

Chukua neno “kaya” lenyewe. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni msitu mtakatifu wa mababu, na misitu hiyo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Kwenye dodoso la Tanzania kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Mume mwenye wake wawili katika nyumba mbili, kila mmoja na jiko lake, je, ni kaya moja au mbili? Kijana anayesoma bweni na kurudi likizo, anahesabiwa wapi? Kila utafiti una jibu lake, na majibu hayo yakitofautiana, takwimu za umaskini nazo hutofautiana hata kama hakuna aliyetajirika. Ukurasa wa ufafanuzi, ambao wasomaji wengi huuruka, ndio wenye jibu.

Kuhusu kuipata data yenyewe, milango ni mingi na mingine iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Chuo Kikuu cha Minnesota, kupitia mradi wa IPUMS, kinahifadhi sampuli za sensa za nchi nyingi, zikiwamo za Kenya kuanzia sensa ya 1969 na za Tanzania za 1988, 2002 na 2012. Mwombaji hujiandikisha, hueleza anachotaka kuchunguza, huahidi kutojaribu kumtambua mtu yeyote, kisha hupewa bila malipo. Sauti za Wananchi, iliyoanzishwa na shirika la Twaweza, iligawa simu na chaja za jua kwa kaya zilizochaguliwa Tanzania Bara ili ziweze kupigiwa na kuhojiwa kila mara, na majibu yake yamewekwa hadharani. Ofisi za takwimu za Dodoma na Nairobi nazo zina katalogi zao.

Ahadi ya kutomtambua mtu si maneno ya kupamba fomu. Katika tafiti za afya na uzazi zinazofahamika kama DHS, kila eneo lililohojiwa lina alama yake ya ramani, lakini alama hiyo husogezwa makusudi kabla ya kutolewa: maeneo ya mjini hadi kilomita 2, ya vijijini hadi kilomita 5, na machache ya vijijini hadi 10. Mtafiti anayepima umbali wa kijiji kutoka zahanati ajue kwamba anapima kutoka mahali ambapo kijiji hakipo. Hiyo ndiyo gharama ya kulinda siri za akina mama waliojibu maswali kuhusu mimba zilizoharibika na vipigo vya waume.

Matumizi ya data iliyoshirikiwa huenda mbali kuliko wenyewe wanavyopanga. Afrobarometer ilianza mwaka 1999 kuuliza Waafrika wanaionaje demokrasia na hali ya uchumi wao. Michael Bratton, Robert Mattes na Emmanuel Gyimah-Boadi ndio walioiasisi. Kwa kila nchi huhojiwa watu 1,200 au 2,400, na Tanzania wahojiwa huulizwa kwa Kiswahili. Katika duru ya 2005 kulikuwa na maswali ya kawaida tu: unawaamini ndugu zako kiasi gani? Majirani? Diwani? Nathan Nunn na Leonard Wantchekon, huyu wa pili mzaliwa wa Benin, wakayachukua majibu hayo na kuyaweka kando ya hesabu za watumwa waliosafirishwa kutoka kila kabila, kwa njia ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2011 walionyesha kwamba watu ambao mababu zao waliandamwa sana na biashara ile hadi leo hawawaamini ndugu na majirani zao kama wengine wanavyowaamini wao. Mdadisi aliyeuliza swali la majirani hakuwa na habari kwamba anaandika historia ya utumwa.

Je, vyuo vyetu vimefaidi kiasi gani? Si kwamba hakuna kitu. Mwaka 2002 Amon Chaligha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika pamoja na Mattes, Bratton na Yul Derek Davids uchambuzi wa duru ya kwanza ya Tanzania, wakishangazwa na jinsi Watanzania walivyokuwa na imani kubwa na serikali yao. Hata hivyo, katika idara nyingi desturi bado ni ileile: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaandika dodoso lake, analirudufu, anawapa watu mia moja hivi walio karibu na hosteli au nyumbani kwao, na kutokana na hao anatoa hukumu juu ya mkoa mzima. Kwenda uwandani kunamfundisha mengi, hilo halikataliki. Lakini swali alilouliza watu mia moja huenda limekwisha kuulizwa kwa watu 2,400 waliochaguliwa kwa kura, na faili angelipakua kwenye simu yake kwa dakika chache. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia, wala hakuna ofisi chuoni yenye mtu kama yule mwakilishi wa Miller.

Na mlango ulio wazi leo unaweza kufungwa na asiye na habari nasi. DHS ilianza mwaka 1984 kwa fedha za serikali ya Marekani. Tanzania ilihojiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 hadi 1992, na mara ya mwisho mwaka 2022, kazi ikiendeshwa na ofisi za takwimu za Bara na Zanzibar. Mwanzoni mwa 2025 Washington ilipokata misaada ya nje, mkataba wa mradi ule nao ulikatwa, na kwa muda waombaji wapya hawakupewa faili. Wafadhili wengine walijitokeza baadaye mwaka huohuo kuokoa sehemu ya kazi. Katikati ya muda ule, mwenye nakala aliendelea kufundisha, na asiye nayo alisubiri.

Mwalimu anayetaka kuanza kesho anaweza kuanza na swali moja. Mwishoni mwa dodoso la Afrobarometer, baada ya saa nzima ya mahojiano, mdadisi humuuliza mhojiwa: unadhani nani ametutuma? Wengi hujibu serikali, ingawa waliambiwa mwanzoni kabisa kwamba sivyo. Mwanafunzi aligawe faili mara mbili, waliosema serikali upande mmoja na waliosema vingine upande wa pili, kisha aangalie kila upande unasema unamwamini rais kiasi gani. Watafiti waliokwisha kufanya hivyo wamekuta kwamba, hasa katika nchi zenye utawala wa kimabavu, wanaodhani mgeni katumwa na serikali husifu zaidi. Kwa Tanzania safu hiyo imo kwenye faili la kila duru ya karibuni, na zoezi zima linamalizika kabla ya kengele ya kipindi cha pili.

Wiki ijayo: majina yakifutwa, mhojiwa bado ana haki gani juu ya majibu yake?