KARAMU NDOGO, HESHIMA KUBWA

Kila mwaka unapokaribia mwisho, mabasi yaendayo Tarime, Sirari na Mugumu hujaa watu na vifurushi. Watumishi wa ofisi, walimu, wachimba madini, madereva na vibarua wa viwandani hurudi makwao kuwaona wazee. Na kila arudiye hupenda kuwakaribisha ndugu, jamaa na majirani nyumbani kwake, wale, wanywe na wazungumze. Desturi hii ni njema, nasi twaisifu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Walakini leo twataka kuwauliza wasomaji wetu swali moja: wageni wakiisha kuondoka, je, mwenyeji huwa amepona kweli, au ndipo ugonjwa wake unapoanza?

Twauliza hivyo kwa sababu karamu ya nyumbani, ambayo yapaswa kuwa pumziko la mtu aliyechoka kwa kazi, imeanza kugeuka mashindano. Fikirini, ndugu zetu, habari za mfanyakazi arudiye kwao na mshahara wa mwezi mmoja mfukoni. Jirani yake mwaka jana alichinja ng'ombe. Basi naye aona aibu kuchinja mbuzi. Akodi viti, turubai na vipaza sauti. Agawa kadi za michango kwa watu ambao wengine wao hawana hata akiba ya chumvi. Fedha zikipungua, amtoa dume la kukokota plau. Siku ile asifiwa na kila mtu. Mvua za masika zinapokuja, huyo huyo azunguka kijijini akitafuta ng'ombe wa kukodi, na hao waliomsifu wamo mashambani mwao wakilima. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari havianguki kutoka mbinguni, na mwezi wa Januari haumngojei mtu.

Tukitazama nyuma, twaona kwamba watu wa Mara hawakuhitaji kufundishwa na mgeni yeyote namna ya kukaribisha wageni. Kwa Wakurya, chungu cha pombe ya ulezi kiliwekwa katikati, wazee wakaketi kukizunguka juu ya vigoda, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hapakuwa na meza kuu wala meza ya nyuma. Mwenye zizi lililojaa na mwenye ndama mmoja walivuta kutoka chungu kimoja. Hata hivyo adabu ilikuwapo. Baba na mwanawe waliheshimiana wala hawakufanyiana mzaha. Bali babu na mjukuu walikuwa huru kutaniana. Mwenyeji mwenye busara alijua nani aketi na nani, na kwa ajili hiyo mazungumzo yalikuwa mepesi na kicheko hakikuwa na woga. Jua likipungua, mpigaji alishika ritungu, kile kinubi kikubwa cha nyuzi 8 chenye sauti nzito, na hapo hata mzee wa mkongojo alitikisa mabega.

Pombe yenyewe haikutoka dukani. Ulezi ulilowekwa hata ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea, kisha ukachanganywa na unga uliochachushwa na kukaangwa. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na ilitegemea nafaka iliyomo ghalani. Kwa hiyo kiasi hakikuhubiriwa na mtu. Kilikuwamo ndani ya kazi yenyewe. Asiyevuna hakupika pombe, na aliyevuna kidogo alipika kidogo, wala hakuna aliyemcheka.

Tena karamu ilifungamana na jasho. Katika risaga, majirani walikusanyika kumlimia, kumpalilia au kumjengea mwenzao, naye mwenye shamba aliwaandalia chakula na kinywaji. Walikula pamoja kwa kuwa walifanya kazi pamoja. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu, alipoandika kijitabu chake juu ya Ujamaa mwaka 1962, aliwakumbusha wananchi methali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wako wadhanio kwamba methali hiyo ni ya kumfukuza mgeni. Sivyo. Maana yake ni kwamba mgeni apewapo jembe ameacha kuwa mgeni, amekuwa mtu wa nyumbani. Hakuna heshima ipitayo hiyo.

Basi tufanyeje? Hatusemi watu waache kualikana. La, hasha! Twasema karamu irudishwe katika kipimo chake. Kwanza, mwenyeji na ahesabu mfuko wake kabla ya kuhesabu wageni. Awaite wale ambao aweza kuketi nao na kuzungumza na kila mmoja; kwani mwenye karamu ashindwaye hata kumsalimu mgeni wake ameandaa mkutano wa hadhara, hakuandaa karamu. Pili, kivuli cha mwembe na mikeka ya majirani vyatosha. Ugali wa mtama na muhogo, kuku wawili watatu au sato wa ziwani, mboga za majani na maziwa ya mgando ni chakula ambacho hakuna mtoto wa Mara awezaye kukionea haya. Tatu, wageni nao wasije mikono mitupu. Mmoja alete mkungu wa ndizi, mwingine kuni, mwingine sukari ya chai. Hiyo ndiyo michango isiyohitaji kadi. Nne, karamu ianze mchana na kwisha mapema, ili kila mtu afike kwake salama na mwenyeji apate usingizi.

Juu ya kinywaji, pasiwe na kulazimishana. Mtu akitaka togwa au chai, apewe kwa uso ule ule apewao mnywa pombe. Na gongo isikanyage mlango wa mtu mwenye akili; sheria yaikataza, na madhara yake twayaona. Kisu na panga vibaki vilikotumika kuchinjia. Tarime imezika vijana wengi mno katika ugomvi wa koo, na aghalabu neno moja la kilevi latosha kufufua kisa kilichokwisha lala.

Kwa ndugu zetu wa Serengeti twaongeza jambo moja. Babu za Waikoma na Wanata walikuwa wawindaji hodari, na nyama ya mwitu ilikuwa kitoweo cha kumpa mgeni mwenye heshima. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na tangu hapo mambo yamebadilika. Leo, nyama ya porini isiyo na kibali ni kosa. Mwenyeji amwekeaye mgeni sahani hiyo hakumheshimu. Amemshirikisha katika hatia bila ya kumwuliza.

Yatupasa pia kuuliza: ni nani astareheye katika karamu zetu? Wanaume huketi kivulini tangu asubuhi, hali mama na binti zake wamo moshini, wakiteka maji, wakisaga, wakipika na kuosha vyombo hata usiku wa manane. Karamu ambayo nusu ya nyumba haikuketi hata kidogo si starehe ya nyumba hiyo. Mwanamume achote maji, apasue kuni, achome nyama, apeleke sahani. Hatapungukiwa na kitu, na mkewe naye atapata nafasi ya kuzungumza na ndugu zake aliowakosa mwaka mzima.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Zipo karamu za mwezi wa Desemba ambazo hufanywa kwa sababu binti amekeketwa. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi imefanya kitendo hicho kwa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 10 katika Tanzania nzima, lakini asilimia 32 katika Mara. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hesabu ya taifa imeshuka hata asilimia 8. Basi kushuka kwawezekana. Lakini wako wasichana waliolazimika kuzikimbia nyumba zao wenyewe na kutafuta hifadhi Masanga na Mugumu, kwa kuwaogopa wazazi wao.

Tukumbuke kwamba kisu hakiji peke yake. Hutanguliwa na ngoma, hufuatwa na karamu, kanga, fedha na mifugo. Sifa za wageni ndizo zimpazo mzazi moyo. Kwa hiyo mgeni aketiye na kula hapo hawezi kujitetea akisema, "Mimi nilikuja kula tu." Kukaa kwake ni kukubali. Mfanyakazi aliyerudi kutoka mjini, ambaye neno lake lasikilizwa ukooni, ana wajibu wa kukataa mwaliko huo waziwazi, na kueleza sababu. Kisha na afanye karamu nyingine: binti amemaliza darasa la saba, amefaulu kidato cha nne, amejifunza ushonaji. Hapo ndipo kuku achinjwe, ritungu lilie na zawadi zitolewe. Ngoma ni ile ile, majirani ni wale wale. Kinachobadilika ni sababu ya furaha.

Ndugu wasomaji, ukubwa wa karamu haupimwi kwa wingi wa nyama. Hupimwa asubuhi ya pili yake. Ikiwa asubuhi hiyo dume la plau limo zizini, deni halipo, mama amelala usingizi wake, hakuna aliyejeruhiwa, na binti wa nyumba hiyo aamka mzima akitabasamu, basi mgeni amekuja kweli, na mwenyeji amepona.