Zao kuuzwa kabla ya kuvunwa: Biashara ya zamu za kwanza katika magongo ya barafuni

SEPTEMBA 2009, klabu ya Toronto Maple Leafs ya Canada iliuza bidhaa ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiona. Iliuza haki ya kuchagua vijana watatu, wawili wa raundi ya kwanza na mmoja wa raundi ya pili, ambao siku hiyo hawakujulikana hata kwa majina. Mnunuzi alikuwa Boston Bruins ya Marekani. Bei ilikuwa mshambuliaji mmoja wa miaka 21, Phil Kessel, aliyekuwa ametoka kufunga mabao 36 katika msimu mmoja.

Mpira wa magongo wa barafuni ni mchezo wa nchi za baridi, na mkulima wa mahindi anaweza kuuliza unamhusu nini. Mchezo wenyewe pengine haumhusu. Soko lake linamhusu sana. Mkulima wa kahawa wa Kagera anayeuza butura, yaani anayechukua fedha za mlanguzi wakati kahawa ingali maua mtini, anafanya jambo lile lile walilofanya Toronto: anauza zao la kesho ili apate mahitaji ya leo, na bei inapangwa siku ambayo yeye ndiye mwenye haraka.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Ligi kuu ya mchezo huo, NHL, ina klabu 32 za Marekani na Canada. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, klabu hugawana vijana chipukizi, wengi wao wakiwa na miaka 18. Raundi ni 7. Anayeshika mkia katika ligi huwekwa mbele katika foleni ya kuchagua, na bingwa hukaa nyuma, ili wanyonge nao wapate nafasi ya kuinuka. Tangu mwaka 1995 kuna bahati nasibu pia, kwa hiyo kushika mkia hakumhakikishii mtu zamu ya kwanza kabisa. Mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kutokana na mgogoro wa mishahara, klabu zote 30 za wakati huo ziliingizwa katika bahati nasibu hiyo. Pittsburgh wakashinda, wakamchukua Sidney Crosby. (Crosby huyo, pamoja na Nathan MacKinnon aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2013, ndio waliocheza bega kwa bega na vijana wa Ice Lions wa Nairobi walipoalikwa Canada mwaka 2018.)

Zamu hiyo ni mali. Inauzwa, inabadilishwa, inatolewa kama nyongeza ya bei, na inaweza kuuzwa hata miaka kadhaa kabla ya siku ya uteuzi. Thamani yake ilipanda zaidi kuanzia msimu wa 2005/06, ligi ilipoweka kikomo cha mishahara cha dola milioni 39 kwa kila klabu. Chipukizi husaini mkataba wa kwanza wa miaka mitatu wenye kiwango kilichodhibitiwa. Klabu inayopata kijana hodari ndani ya miaka hiyo inalipa kidogo kwa kazi kubwa, na akiba inayobaki inaajiri wengine. Tatizo ni kusubiri. Kijana wa miaka 18 ni kama mkorosho uliopandwa juzi. Wengi huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na wapo wasiozaa kabisa.

Toronto hawakutaka kusubiri. Hawakuwa wamefika hatua ya mtoano tangu mwaka 2004, na mashabiki walikuwa wamechoka. Meneja mkuu, Brian Burke, aliyekuwa ametwaa ubingwa na Anaheim mwaka 2007, aliona kwamba Kessel ni mchezaji ambaye tayari anaonekana kwa macho, na kwamba timu ikiwa naye itapanda, hivyo zamu aliyouza itaangukia katikati ya foleni au nyuma. Hesabu hiyo haikuwa ya kijinga. Ila ilitegemea jambo moja tu, kwamba msimu utakuwa mzuri.

Msimu ukawa mbaya. Toronto walimaliza wa 29 kati ya klabu 30. Zamu waliyokwisha kuuza ikawa ya pili kwa ubora katika nchi zote mbili, na Boston wakaitumia kumchukua Tyler Seguin. Mwaka uliofuata zamu ya pili ya raundi ya kwanza ikaangukia nafasi ya 9, Boston wakamchukua beki Dougie Hamilton. Mwezi huo huo wa Juni 2011, Boston walitwaa kombe, Seguin akiwa miongoni mwao.

Hapa ndipo biashara hii inapozidi ubaya ile ya butura. Mvua zikimkatalia mkulima, angalau kile alichokiuza nacho huwa kidogo au hakipo. Hasara inamgusa mnunuzi pia. Klabu iliyouza zamu yake hali yake ni kinyume. Kadiri inavyofanya vibaya, ndivyo ilichouza kinavyopanda thamani mikononi mwa mwingine. Ni sawa na mtu aliyekopa kwa masharti kwamba ukame ukija, deni linaongezeka. Anapigwa mara mbili katika mwaka mmoja.

Je, kuna kinga? Ipo, nayo ni sharti dogo la maandishi. Novemba 2017, Ottawa Senators, waliokuwa wamefika nusu fainali miezi michache tu kabla, walitoa zamu ya raundi ya kwanza kwa Colorado katika mpango wa kumpata Matt Duchene. Mkataba ulisema zamu ya 2018 ikiangukia ndani ya 10 bora, Ottawa wanaweza kuibakiza na kutoa ya 2019 badala yake. Timu ikaporomoka, zamu ikawa ya 4, Ottawa wakaibakiza na kumchukua Brady Tkachuk, ambaye mwaka 2021 alifanywa nahodha. Lakini kinga ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Msimu uliofuata Ottawa walishika mkia wa ligi nzima, na zamu ya 2019, nayo ikawa ya 4, ikaenda Colorado. Duchene mwenyewe alikuwa amekwisha kuuzwa. Colorado walimchagua Bowen Byram na kutwaa kombe mwaka 2022 akiwa kikosini.

Njia nyingine ni kurudi nyuma kidogo katika foleni na kulipwa kwa kufanya hivyo. Mwaka 2008 Nashville walikuwa na zamu ya 15. Ottawa, wenye ya 18, wakaomba wabadilishane na kuongeza zamu ya raundi ya tatu ya mwaka uliofuata. Kwa karatasi, Nashville walipata faida ya bure kwa kushuka hatua tatu. Nashville walimchukua kipa Chet Pickard. Ottawa walimchukua Erik Karlsson, ambaye baadaye alitajwa beki bora wa ligi mara tatu, 2012, 2015 na 2023. Hata hivyo mbinu yenyewe haina kosa. Pale ambapo huna uhakika kijana gani ni bora, zamu mbili ni salama kuliko moja. Nashville waliumizwa na kutojua kwamba mwenzao ana uhakika.

Kwa upande wa wauzaji waliofaulu, hakuna anayewafikia Quebec Nordiques. Mwaka 1991 walikuwa na zamu ya kwanza kabisa na wakamchagua Eric Lindros, kijana aliyesubiriwa na wote. Lindros akakataa kuichezea Quebec, akakaa nje mwaka mzima. Mwenye bidhaa inayoweza kuoza kwa kawaida huuza kwa bei ya kutupa. Quebec walifanya nini? Walingoja hadi wanunuzi wakubwa wawili, Philadelphia na New York Rangers, wakawa wanagombania, na kwa kweli kila mmoja aliamini amekwisha kununua. Ikabidi msuluhishi aamue. Juni 30, 1992 akaipa Philadelphia.

Quebec walipata wachezaji sita, miongoni mwao kijana Peter Forsberg wa Sweden, zamu mbili za raundi ya kwanza na dola milioni 15. Kwa zamu moja walimchukua kipa Jocelyn Thibault. Klabu ilihamia Denver mwaka 1995 ikaitwa Colorado Avalanche, na Desemba ya mwaka huo Thibault akawa sehemu ya malipo ya kumpata kipa Patrick Roy. Kombe likaja 1996. Lindros alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995, kwa hiyo Philadelphia hawakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Walinunua kitu kizuri kwa bei ya mnadani.

Kuhusu kuitumia zamu yenyewe, wengi hudhani ndiyo njia salama. Boston wana habari tofauti. Mwaka 2015 walimuuza Hamilton, yule yule wa zamu ya Toronto, wakajikuta na zamu tatu mfululizo: ya 13, ya 14 na ya 15. Waliwachagua Jakub Zboril, Jake DeBrusk na Zachary Senyshyn. Tatu zilizofuata, ambazo hazikuwa zao, zilikwenda kwa Mathew Barzal, Kyle Connor na Thomas Chabot, na wote watatu wakawa nguzo za klabu zao. Shamba unaweza kuwa nalo, mbegu usiijue.

Na Toronto? Kessel aliongoza kwa pointi katika timu hiyo misimu yote sita aliyokaa, jambo ambalo waliomlaumu Burke hulisahau haraka. Mwaka 2015 waliamua kuanza upya, wakamuuza kwa Pittsburgh, na katika malipo kulikuwa na zamu ya raundi ya kwanza, ambayo mwaka uliofuata waliitumia kumnunua kipa Frederik Andersen kutoka Anaheim. Zamu yao wenyewe safari hii hawakuiuza. Walishika mkia, wakashinda bahati nasibu na kumchukua Auston Matthews. Oktoba 2016, katika mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini Ottawa, Matthews alifunga mabao manne. Toronto walifungwa 5-4 katika muda wa nyongeza.