Kamera haizijui nyuso za wanafunzi wetu

Siku ya kuwaaga wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ninayoifahamu vyema, mpiga picha aliwapanga watahiniwa arubaini mbele ya ukumbi, jua la utosi likiwawakia, nao wamevaa mashati meupe pe. Alibofya mara tatu, akaenda zake. Picha zilipoletwa, vifungo vya mashati viliweza kuhesabika, bali nyuso zilikuwa vivuli vitupu. Mzazi mmoja aliitazama nakala yake kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wangu yu wapi hapa?" Binti yake alikuwa safu ya mbele, wa tatu kutoka kushoto.

Mpiga picha alipolalamikiwa alizitia picha zile kwenye tarakilishi, akazirejesha baada ya siku mbili. Sasa nyuso zilionekana, lakini zilikuwa za kijivu, zimejaa chenga, na ya binti yule ilikuwa imepaushwa mithili ya mtu aliyetoka kuugua. Bwana huyo alidhani ametufanyia hisani.

Waama, lawama si yake peke yake. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hukisia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni sawa na kijivu cha wastani, kile ambacho kwa mazoea ya fani hii husemwa kurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikikutana na mashati meupe arubaini na ukuta wa chokaa, hudhani mwanga umezidi, nacho huupunguza. Uso mweusi ukijaza picha nzima, hudhani kuna giza, kikauangaza hadi ukapauka. Kamera za siku hizi hutafuta nyuso kwanza, lakini nazo mara nyingi hubahatisha.

Upungufu huu una historia ndefu kuliko kamera za dijitali. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, iliyokuja kuitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imerekebishwa sawasawa. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, katika makala aliyoichapisha mwaka 2009, alieleza jinsi waliokuwa wafanyakazi wa Kodak walivyomsimulia kwamba msukumo wa kuboresha filamu ili zitofautishe rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hebu tafakari, msomaji: meza ilisikilizwa kabla ya mtoto wa Mwafrika!

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Watengenezaji wamejirekebisha kwa kiasi fulani, na mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba imeifunza kamera yake kuonyesha ngozi nyeusi kwa uaminifu zaidi. Hata hivyo, shule haiwezi kungoja hisani ya kiwanda ilhali dawa iko mkononi mwa mwenye kubofya.

Dawa yenyewe ni nyepesi. Wanafunzi waondolewe kwenye jua la utosi, wasimame kivulini palipo na mwanga mpana kutoka mbele yao. Pasipokuwa na kivuli, walipe jua kisogo, na flashi iwashwe ijapokuwa ni mchana. Kwa kundi kubwa, mpiga picha asogee karibu, maana flashi ndogo haifiki mbali. Mwenye simu auguse uso wa mmoja wao kwenye kioo kabla ya kupiga, kisha apandishe alama ya mwangaza mpaka macho na mashavu yaonekane. Mwenye kamera kubwa aongeze mwanga kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, na baada ya kila picha azikague nyuso, si mashati. Shati likipoteza mikunjo yake hakuna atakayelia.

Wengi hujitetea kwamba makosa yatarekebishwa baadaye kwenye programu. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi ngazi 256 tu za mwangaza kwa kila rangi. Uso uliozama gizani umebanwa katika ngazi chache za chini kabisa, na ukivutwa juu hakuna kitakachopanda ila chenga. Faili ghafi ya kamera ya biti 14 inaweza kubeba ngazi 16,384, na kwa hiyo ina nafasi zaidi ya kusahihishwa, ingawa hata hiyo haiwezi kurudisha ambacho hakikunaswa.

Linalonikera zaidi ni uhariri unaofanywa bila kuulizwa. Zipo programu za simu ambazo, kwa jina la urembo, huipausha ngozi ya msichana na kumchonga pua hata kabla hajagusa kitufe. Nimewaona wanafunzi wangu wakizichagua picha hizo na kuzifuta za kweli.

Mwaka huu nimeomba picha ya kidato cha nne ipigwe saa kumi alasiri, upande wa mashariki wa bweni, penye kivuli, na mzazi yule nimemwalika aje aitazame kwenye kioo cha kamera kabla mpiga picha hajafunga mkoba wake.