Upimaji wa Mkao na Hatari za Kiergonomia miongoni mwa Wanafunzi wa Udaktari wa Meno

Kinywa cha binadamu ni chembamba na chenye giza. Mwanafunzi wa udaktari wa meno anapoanza kutibu wagonjwa, hamu ya kuliona jino humfanya auinamishe mwili wake badala ya kurekebisha kiti cha mgonjwa, taa au kioo cha mdomoni. Mkao huo ukirudiwa kila siku hugeuka kuwa mazoea yatakayomfuata kazini. Makala haya yanafafanua namna hatari hiyo inavyopimwa, na kwa nini haifai kungoja maumivu ndipo ipimwe.

Zana mojawapo inayotumika sana ni Hojaji ya Nordic ya mwaka 1987, ambayo humuuliza mhojiwa kuhusu maumivu aliyoyapata katika miezi 12 na siku 7 zilizopita. Kwa wanafunzi, zana hii ina upungufu: huonesha madhara yaliyokwisha kutokea. Kijana anaweza kujibu kwamba haumwi popote, ilhali mkao wake ni wa hatari.

Kwa sababu hiyo, hojaji huambatanishwa na ushuhudiaji. Mbinu ya RULA, iliyochapishwa na McAtamney na Corlett mwaka 1993, huugawa mwili katika makundi mawili: mikono kwa upande mmoja, shingo, kiwiliwili na miguu kwa upande wa pili. Alama ya mwisho huwa kati ya 1 na 7. Alama 1 hadi 2 humaanisha mkao unakubalika. 3 hadi 4, uchunguzi zaidi unahitajika. 5 hadi 6, marekebisho yafanywe karibuni. Na 7, yafanywe mara moja.

Kwa mfano, mwanafunzi anatibu upande wa ndani wa gego la taya la juu bila kutumia kioo. Shingo imeinama zaidi ya nyuzi 20 na kujipinda: alama 4. Kiwiliwili kimeinama kidogo na kuegemea upande: alama 3. Miguu imetulia: alama 1. Jedwali la mbinu hii hulipa kundi hilo alama 6, na kwa kuwa mkao umeshikiliwa bila kubadilika, huongezwa 1. Hata mikono ikiwa mahali pake, alama ya mwisho haiwezi kushuka chini ya 5. Akitumia kioo, akaketi wima na kuinamisha shingo kwa nyuzi 10 hadi 20 tu, mikono ikiwa karibu na mwili, alama inaweza kushuka hadi 3. Jino ni lile lile. Kilichobadilika ni mkao.

Hata hivyo, RULA hupima tukio moja tu. Mtafiti akichagua dakika ya utulivu, hatari hufichika. Inafaa, kwa ridhaa ya mwanafunzi na mgonjwa, picha zichukuliwe kutoka ubavuni na nyuma katika hatua mbalimbali za tiba. Aidha, alama kubwa si hukumu dhidi ya mwanafunzi. Pengine kiti hakirekebishiki, au anayetumia mkono wa kushoto amepewa nafasi iliyopangwa kwa wa kulia.

Kwa hiyo, upimaji uanze katika maabara ya vichwa bandia, kabla mwanafunzi hajakutana na mgonjwa, na urudiwe kliniki. Mkao uliokwisha kuzoeleka ni mgumu kuurekebisha kuliko unaojengwa.