Kutoa Springi na Kutia Koili: Habari za Land Rover ya Mjomba

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja alitueleza jinsi redio inavyofanya kazi, na wengi wetu tulifurahi kusoma. Mimi nami naomba nafasi nieleze jambo moja la magari, maana naona kila likizo vijana wenzangu hubishana juu yake barabarani bila ya kufikia mwisho. Jambo lenyewe ni hili: je, gari la kupanda milima lenye springi za zamani laweza kutolewa springi zake za nyuma na kutiwa koili? Na likitiwa, lapata nini, na lapoteza nini?

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kwetu tukisema springi tu, twakusudia zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, kama zilivyo kwenye malori. Ile ya chuma cha mviringo kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja twaiita koili.

Gari ninalolijua mimi ni la mjomba wangu, Land Rover Series III ya futi tisa na inchi moja kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, yaani inchi 109. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985, na wengi mtakumbuka tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi wa Oktoba 2024, jinsi wazee hawa walivyojaa barabarani. La mjomba halikwenda Arusha, lilikuwa kazini. Hushusha tangawizi kutoka Mamba Miamba, juu ya milima ya Upare, hadi tambarare, na kurudi na abiria na bidhaa za duka. Fedha zake ndizo zilizoninunulia sanduku na godoro nililolala juu yake hapa bwenini tangu Kidato cha Kwanza. Usiku, mtu akizidiwa, gari hilo hilo ndilo humpeleka hospitali. Hapo ndipo neno la koili lilipoanzia. Mjomba alisema, “Mwanangu, gunia la tangawizi halilalamiki. Lakini mama mwenye uchungu, kila jiwe analisikia mgongoni.”

Basi tuitazame springi kwanza. Watu wengi hudhani kazi yake ni moja, kubeba uzito. Sivyo. Ekseli ya nyuma imefungwa katikati ya springi kwa bolti za umbo la U. Ncha ya mbele ya springi imeshikwa na chasisi kwa pini na bushi ya mpira. Ncha ya nyuma imeshikwa kwa kipande kinachoning’inia na kucheza, kwa kuwa springi ikilala kwa mzigo hurefuka, na lazima ipate pa kwenda. Kwa hiyo springi yabeba uzito, yaizuia ekseli isiende mbele wala nyuma, yaizuia isiteleze upande, tena yaizuia isijipindue. Hili la mwisho wengi hawalijui. Injini inapozungusha magurudumu kwenda mbele, nyumba ya ekseli yenyewe hutaka kuzunguka kinyume, na dereva akipiga breki hutaka kuzunguka kwa upande wa pili. Chuma kile bapa, kikiwa kimekazwa barabara, hukataa.

Ubaya wake ni msuguano. Vyuma vile husuguana kila springi inapojikunja, na vikishika kutu na vumbi husuguana zaidi. Jiwe dogo halina nguvu ya kuushinda msuguano huo, kwa hiyo springi haijikunji kabisa, na pigo lote lapita moja kwa moja hadi kwenye benchi la abiria. Lakini msuguano huo una faida yake pia: gari halichezi-chezi sana hata shokapu zikiwa zimekufa. Na springi ikivunjika njiani, fundi wa kijiji chochote aweza kukata pande la springi ya lori na kulifunga mahali pake, safari ikaendelea.

Koili ni kitu kingine kabisa. Haina msuguano wa kusemwa, ndiyo maana hujibu hata kokoto ndogo. Waliotengeneza Land Rover waliitia kwanza katika Range Rover ya 1970, mbele na nyuma, kisha katika One Ten ya 1983. Toyota nao waliitia pande zote nne katika Land Cruiser ya namba 80 iliyotoka 1990. Lakini koili yafanya kazi moja tu, kubeba. Ukitoa springi na kuweka koili peke yake, ekseli itakuwa kama ng’ombe aliyekatwa kamba: itakwenda mbele, nyuma, upande, na kujipindua. Kazi tatu zilizobaki lazima zipewe mwenye kuzifanya.

Katika One Ten kazi hizo hufanywa na mikono. Chini kuna mikono miwili, mmoja kila upande, inayotoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli. Hiyo huizuia isiende mbele wala nyuma. Juu ya ekseli, katikati, kuna mkono wa tatu wenye umbo la herufi A, miguu yake miwili ikiwa kwenye chasisi na kichwa chake kikiwa kwenye kiungo cha gololi juu ya ekseli. Huo huizuia isiende upande, na kwa kusaidiana na mikono ya chini huizuia isijipindue. Land Cruiser ya 80 ina mikono minne na fito moja ndefu ya kukingama. Ni njia mbili mbalimbali, lakini hesabu ni ile ile.

Nawaomba wasomaji walishike hili kuliko yote mengine niliyoandika. Mwaka jana gari moja la huko kwetu lilitiwa koili nyuma na fundi ambaye sitamtaja. Alichomelea mikono miwili ya chini tu, na juu hakuweka kitu. Kwa muda wa miezi mitatu mwenyewe alitamba kwa ulaini wake. Kisha siku ya mnada, akishuka mlima na mzigo, akapiga breki, ekseli ikajipindua, mahali palipochomelewa pakapasuka, na propela ikachomoka na kupiga barabara. Gari lilikwenda kuegemea ukingo wa juu, siyo korongoni. Walikuwamo watu tisa, nami nilikuwa nawafahamu saba kati yao.

Sasa turudi kwenye ulaini, maana hapa ndipo mabishano mengi huharibika. Watu husema koili ni laini na springi ni ngumu. Sheria ya Hooke, tuliyofundishwa tukiwa bado wageni hapa shuleni, haijali sura ya chuma. Yasema tu kwamba chuma hujikunja kwa kadiri ya nguvu inayokilemea, mradi kisipitishwe kiasi chake. Nitachukua tarakimu za mfano, na kila kilo moja nitaihesabu kuwa Newton 10. Tuseme gari likiwa tupu kila upande wa nyuma hubeba kilo 250, na likijaa hubeba kilo 600. Tukiweka koili laini ya Newton 30 kwa kila milimeta, gari tupu litailaza milimeta 83, na gari lililojaa milimeta 200. Maana yake mkia wa gari utashuka milimeta 117 kwa sababu ya mzigo. Kama nafasi iliyokuwapo kati ya ekseli na mpira wa kuzuia chini ya chasisi ilikuwa milimeta 100, basi imekwisha, na kila shimo ni nyundo. Tukiweka koili ngumu mara mbili, ya Newton 60, mkia utashuka milimeta 58 tu. Mzigo umestarehe. Lakini siku ya mgonjwa, gari likiwa tupu, koili hiyo ngumu itamtikisa mara mbili na nusu kwa kila sekunde, ambapo ile laini ingemtikisa kama mara moja na robo tatu tu, kwa pole.

Kumbe basi ugumu ni bei ya mzigo, uwe umenunua springi au koili. Anayetia koili ngumu za kubebea tangawizi atapunguza msuguano, na hiyo ni faida ya kweli, lakini asitazamie godoro la pamba. Mjomba, ambaye hakusoma habari za Hooke, alikuwa amekwisha kuligundua jambo hili kwa njia yake: akibeba mgonjwa hupakia kwanza magunia mawili ya mchanga nyuma. Nilipiga hesabu ya magunia ya kilo mia mia kwa chuma cha Newton 60, nikakuta mitikisiko yapungua kutoka mara 2.5 hadi karibu mara 2.1 kwa sekunde. Nilimwonyesha daftari, akacheka, akasema mchanga ulikwisha kumwambia.

Wenye viwanda waliliona tatizo hilo tangu mwanzo. Range Rover ile ya 1970 ilikuwa na koili laini, na nyuma iliwekewa chombo maalumu kati ya ekseli na chasisi kilichojinyanyua chenyewe mzigo ulipozidi. Siku hizi huuzwa pia mifuko ya mpira inayoingizwa ndani ya koili na kujazwa upepo kwa pampu ya gurudumu. Bila mzigo, upepo kidogo. Na mzigo, upepo mwingi. Hili ni jambo ambalo koili yaruhusu kwa urahisi, kwa kuwa katikati yake ni tupu.

Kuna shida nyingine ambayo huonekana baada ya fedha kwisha. Ekseli za Series ni nyembamba: kutoka katikati ya gurudumu la kushoto hadi la kulia ni milimeta 1,308 hivi, na za One Ten ni 1,486. Tofauti yafika inchi saba. Mtu akichukua ekseli ya nyuma ya One Ten na kuiweka chini ya Series bila ya kugusa mbele, magurudumu ya nyuma hayatafuata nyayo za mbele, na katika matope kila jozi itajichimbia njia yake, injini ikilipa mara mbili. Na akibaki na ekseli yake ya zamani, itabidi aichomelee vishikizo vya mikono, na moto ukizidi bomba la ekseli hupinda.

Mengine ni madogo lakini yote yataka jicho. Koili huruhusu gurudumu kushuka chini zaidi, kwa hiyo paipu ya mpira ya breki iwe na urefu wa kutosha, na koili ifungwe chini kwa bamba ili isichomoke gurudumu linaponing’inia. Pua ya difu ielekezwe sawasawa, la sivyo propela itatetemeka. Shokapu ziwe nzima, maana sasa ndizo peke yake zinazotuliza. Breki ya mkono haina neno, kwa kuwa katika Land Rover hizi imewekwa nyuma ya giaboksi wala si kwenye magurudumu. Na mizigo ya juu ya kibanda ipunguzwe, kwani gari la koili laini huinama zaidi kwenye kona. Hili la mizigo ya juu najua mjomba hatalipenda.

Baada ya kuyapima yote hayo, mimi na mjomba tulikubaliana kwamba hatutachomelea kitu chini ya chasisi yake. Njia iliyo bora ni kuligeuza shauri: badala ya kuileta koili kwenye gari, gari lipelekwe kwenye koili. Yuko mtu Moshi mwenye One Ten iliyopinduka, ambayo kibanda kimepondeka lakini chasisi ni nzima, na ekseli zote mbili, mikono yote na koili zote zipo pale kiwanda kilipoziweka. Urefu wake ni inchi 110, kwa hiyo kibanda cha 109 chaweza kukalishwa juu yake kwa kubadili vishikizo kadhaa, pamoja na vile vya injini. Tulikwenda kuipiga nyundo kwa urefu wake wote kutafuta kutu, maana kibanda cha Land Rover ni cha aluminiamu, lakini chasisi ni chuma na huoza kwa ndani kimyakimya. Sauti ilikuwa nzuri isipokuwa pembe moja ya nyuma.

Kinachosubiriwa sasa ni karatasi. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasisi, na chasisi ikibadilika bila ya Mamlaka ya Mapato kujulishwa, gari huwa kama la wizi hata kama kila bolti umeinunua kwa jasho. Mjomba amekwisha kuanza safari za ofisini. Wakati huo huo amezifungua springi zake za zamani, akazipiga brashi ya waya, akazipaka grisi na kuzitia bushi mpya, na abiria wanasema tayari wameona tofauti. Mtihani wetu wa Novemba ukiisha, karatasi zikiwa zimetoka, tutakinyanyua kibanda kwa miti na minyororo chini ya mwembe wake, nami nimekwisha kupewa kazi ya kushika taa na kuhesabu bolti.