Kununua Pikapu Kuukuu, na Haki za Mwenye Kununua

Katika miji yetu ya pwani ni nadra kuona chombo anachokitamani kijana mwenye kuanza biashara kuliko pikapu ya dizeli. Kwa pikapu huchukuliwa nazi, mbao, saruji na samaki wa barafu, na siku ya msiba huchukua jeneza na jamaa. Na kwa kuwa mpya haipatikani ila na wachache, wengi wetu hununua iliyokwisha kutumika, nayo imekwenda kilomita 300,000 au 400,000 na zaidi. Katika ununuzi huu yanapita mambo ambayo si halali kuyanyamazia, kwani yamefika kugusa mali ya mayatima.

Kijana mmoja wa Tanga, niliyemsomesha tangu alifu, alifiwa na baba yake. Warithi walikuwa yeye, mama yake, na dada zake wawili wasiobaleghe. Marehemu alimuusia mama asimamie mali ya wale wadogo. Na hili nalitaja makusudi, kwa kuwa vijana wengi hudhani kaka ni walii wa mali ya ndugu zake kwa kuwa ni kaka tu. Katika madhehebu yetu ya Shafi sivyo, illa awe ameusiwa na baba au babu, au amewekwa na kadhi. Basi wakauza sehemu ya shamba, wakaafikiana kununua Toyota Hilux ya dizeli ya kuchukua nazi kutoka Pangani. Mita yake ilionyesha kilomita 142,000. Gari lilikuwa lang'aa, viti vimevikwa vitambaa vipya, na chini limepakwa rangi nyeusi. Wakatoa shilingi milioni 19. Siku ya nne fundi alipofungua boksi la kichujio cha hewa akakuta kadi ndogo ya kubadilishia oili, imeandikwa kilomita 318,000, na tarehe yake ni ya miaka miwili nyuma.

Msomaji asidhani kuwa kosa lilikuwa ni kununua gari lililokwenda sana. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg mwaka 1897, haiwashwi kwa cheche kama ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda, katika hizi pikapu zetu za zamani hubanwa zaidi ya mara 20, ikapata joto kali hata dizeli inaponyunyizwa huwaka yenyewe. Kwa mbano huo ililazimu chuma chake kiwe kinene, na mwendo wake ni wa taratibu kuliko wa petroli. Injini ya namna hii ikibadilishiwa oili kila kilomita 5,000, na maji yake yasikaukiwe, yaweza kufika kilomita 500,000 bila ya kufunguliwa.

Lakini mita ikisema uongo, uongo wake haumli mtu bei tu. Injini za Hilux zinazojulikana kwa majina ya 2L, 3L na 5L zina mkanda wa taimingi, nao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mwenye kusoma 142,000 atadhani mkanda uliwekwa juzi juzi, na kumbe umekwisha muda wake zamani. Ukikatika njiani, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima imekufa. Mayatima wale wangalipoteza shamba na gari pamoja.

Basi anunuaye na aende asubuhi, tena aweke mkono juu ya boneti kabla injini haijawashwa. Akiikuta ina moto, ajue muuzaji ametangulia kuiwasha, na aulize kwa nini. Kwani injini iliyochoka huonekana vibaya kwenye baridi, na ikishapata moto huficha aibu zake. Kisha atazame moshi. Mweusi mwingi ni dizeli isiyoungua, huenda kichujio cha hewa kimeziba au nozo zimeharibika. Wa buluu ni oili inayoungua, na mara nyingi ni ringi zilizokwisha. Mweupe kidogo wakati wa kuwasha si ajabu. Lakini usipoondoka, na maji ya rejeta yakawa yapungua, basi gasketi ya silinda hedi yashukiwa. Afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma: moshi ukitoka kwa mapigo kama mtu apumuaye kwa taabu, mbano umevuja. Na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ila injini ikiwa baridi. Nimemwona mtu aliyeungua uso wote.

Sisi watu wa pwani tuna balaa letu, nalo ni chumvi. Pikapu iliyochukua samaki hudondokewa na maji ya chumvi miaka na miaka, chesisi ikaliwa kutoka ndani na nje ikabaki na sura yake. Rangi mpya ya chini ni jambo la kuliuliza. Agonge kwa nyundo ndogo, asikilize. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Raba za pedali zikiwa zimelika hadi chuma, na mita yasema kilomita chache, na aziamini raba. Na fundi awe wake yeye, asiwe wa muuzaji. Mwisho alinganishe namba iliyochongwa kwenye chesisi na ile ya kadi ya gari, na jina la kwenye kadi na la anayepokea fedha.

Ama sheria yetu, imetangulia katika haya kabla ya mita kuwako. Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha kukamua ngamia au mbuzi siku za kuuza ili chuchu zijae na mnunuzi adanganyike, na akampa mnunuzi haki ya kurudisha. Imam Nawawi katika Minhaj ameingiza humo hata mwenye kuzuia maji ya kinu kisha akayafungulia wakati wa kuuza, ili kinu kionekane kina nguvu. Je, kurudisha mita nyuma kuna tofauti gani na hayo? Muuzaji kusema "nilikuuzia ulivyoona" hakumwokoi na aibu ya gari. Mnunuzi naye ana wajibu wake: aweza kushurutisha khiyari ya hadi siku tatu, na akiiona aibu baada ya hapo aseme papo hapo, wala asiendelee kulitumia gari, kwani kulitumia ni kuridhika nalo.

Nakiri kuwa siku ya kununua waliniita niwaombee dua, nikaomba, wala sikuwauliza kama wameshurutisha siku tatu. Waliponijia na ile kadi nilimwambia kijana asiliwashe gari ila kulirudisha, na jioni ile ile tulikwenda. Muuzaji akaapa kuwa naye alilinunua hivyo hivyo, miezi minane nyuma. Wazee watatu walioketi nasi walimsadiki, wakamwambia kuwa kutojua kwamwondolea dhambi, lakini hakuondoi haki ya mnunuzi. Alikuwa amekwisha kulipia madeni milioni 7. Akarudisha 12, na zilizobaki zikaandikwa mbele ya mashahidi kama tulivyofundishwa katika Suratul Baqara, akazitimiza kwa miezi minne.

Gari walilonunua baadaye lilikuwa na kilomita 407,000, kwa shilingi milioni 13. Mwenyewe aliandika kwa mkono wake: klachi yaanza kuteleza, gia ya tano yalia, dirisha la kushoto halipandi. Walibadilisha klachi na mkanda, na mama ameweka daftari la hesabu ambamo kila mwisho wa mwezi fungu la wale wasichana wawili huandikwa, kwani wao ni washirika katika gari, hawakumkopesha kaka yao. Dirisha bado halijapanda. Wakati wa masika huzibwa kwa nailoni.