Je, Umewahi Kuiona Tatu?

Ndugu mwanakisomo, sasa unajua kuandika 3. Je, umewahi kuiona tatu yenyewe?

Labda utajibu, "Ndiyo, nimeona samaki watatu ndani ya mtumbwi." Lakini hao ni samaki. Shambani utaona magunia matatu ya pamba. Hayo ni magunia. Zizini utaona ng'ombe watatu. Hao ni ng'ombe. Samaki hafanani na gunia, wala gunia halifanani na ng'ombe. Lakini vyote vina jambo moja: ni tatu. Hiyo tatu haina rangi wala uzito. Huwezi kuishika. Unaifahamu kwa akili tu.

Hata tarakimu 3 siyo tatu yenyewe. Jina lako likifutwa ubaoni, wewe bado upo. Vivyo hivyo, ukiifuta 3, tatu haipotei.

Watu walihesabu zamani sana, kabla ya tarakimu kuwako. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, kando ya Ziwa Edward, nchini Kongo. Zamani hapo waliishi wavuvi. Alipata mfupa mdogo wenye alama za kuchanjwa. Umri wake ni miaka 20,000 hivi. Mstari mmoja una mafungu manne ya alama: 11, 13, 17 na 19. Jumla ni 60. Wataalamu wengi huona kuwa hiyo ni hesabu. Walihesabu siku au samaki? Hakuna anayejua. Vitu vimesahauliwa, lakini 60 bado ni 60.

Sasa chimba mashimo ya mbegu za pamba. Fanya mistari 3, kila mstari mashimo 4. Jumla ni mashimo 12. Kisha simama upande mwingine wa shamba. Utaona mistari 4, kila mmoja una mashimo 3. Mashimo ni yale yale. Basi 3 mara 4 ni sawa na 4 mara 3. Huna haja ya kujaribu tena kwa samaki au kwa shilingi. Ni kweli Magu, ni kweli Ukerewe, ni kweli Ulaya. Kutafuta kweli za namna hii ni kazi ya hisabati.

Jambo hili lina faida gani kwako? Tuseme umepeleka sangara kilo 12 mwaloni. Bei ni shilingi 8,000 kwa kilo. Mnunuzi anakupa shilingi 86,000. Fanya hesabu: 12 mara 8,000 ni 96,000. Shilingi 10,000 zako zimebaki kwake. Zidai.

Mnunuzi anaweza kuwa na mzani, gari na daftari. Lakini hana 12 yake peke yake. Kumi na mbili ya tajiri na kumi na mbili ya mvuvi ni moja.

Maswali
1. Kwa nini tarakimu 3 siyo tatu yenyewe?
2. Mfupa wa Ishango ulipatikana mwaka gani?
3. Unauza sangara kilo 15 kwa shilingi 8,000 kila kilo. Utapata shilingi ngapi?